Ufunguo mmoja milango yote, na wale wasio na nyumba ya kuwadhamini

Haya wadau, kibaraza kimefunguliwa tena. Najua nimepotea. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kublogu au nimefukiwa na theluji huku kaskazini ya Uingereza. Sijafukiwa na kitu. Ni zamu za usiku tatu mfululizo, halafu masomo juu yake. Nesi wa ughaibuni akikwambia anasoma huku anafanya kazi, ujue kuna usingizi ameuuza.

Leo sitaongelea baridi wala bei ya mihogo. Nataka tuongee habari ya neno la siri, kwa sababu neno la siri limenigombanisha na shoga yangu wa siku nyingi.

Huyu shoga tulisoma naye shahada ya uuguzi Dar, tukalala chumba kimoja hosteli, tukala ugali wa sahani moja. Mimi nikaja huku 2018. Yeye yuko hospitali ya wilaya mkoani Tanga, wodi ya wazazi, na sasa anaandika utafiti wake kuhusu kifafa cha mimba. Siku moja akanitumia ujumbe: "Shoga, nirushie paswedi yako ya chuo. Nina makala sita nazitaka, kila nikibofya naambiwa nilipie dola thelathini na kitu kwa makala moja. Mshahara wangu unaujua."

Nikamjibu siwezi. Akadhani natania. Nikamjibu tena siwezi. Akanyamaza siku mbili, halafu akaandika sentensi moja iliyonikaa kooni mpaka leo: "Mwaka 2011 ulikula paswedi ya binamu, leo umekuwa Mzungu."

Jamani, ni kweli. Mwaka 2011 mwenzetu mmoja darasani alikuwa na binamu yake anasoma Uingereza. Binamu akampa neno lake la siri la chuo, mwenzetu akatugawia, na kabla ya mwezi kwisha darasa zima tulikuwa tunaingia maktaba ya chuo cha Kiingereza kutoka intaneti kafe ya Upanga. Tulisoma vizuri sana ule muhula. Halafu siku moja mlango ukafungwa. Tulikuja kusikia baadaye kwamba binamu aliitwa na chuo chake ajieleze kwa nini akaunti yake inafunguliwa Dar es Salaam na watu kumi usiku mmoja. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwandikia pole.

Kwa hiyo leo nataka nieleze kwa nini nilimnyima shoga yangu, na kwa nini pamoja na kumnyima bado naona kilio chake ni cha haki. Vitu vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Tuanze na huo ufunguo wenyewe. Kozi yangu ya uzamili inafundishwa na vyuo vikuu viwili kwa pamoja. Nimeandikishwa kimoja, lakini baadhi ya masomo yako kwenye mfumo wa kufundishia wa kile kingine. Majarida ya tiba yako kwa wachapishaji, kila mmoja na tovuti yake. Juu ya hapo kuna mafunzo ya lazima ya kazini. Kama kila mlango ungekuwa na neno lake la siri ningekuwa na karatasi ndefu kama orodha ya michango ya harusi. Lakini sina. Masomoni naingia mara moja asubuhi kwa neno la siri la chuo changu, na milango mingine inafunguka yenyewe.

Inawezekanaje? Mliokulia Tanzania mnaijua barua ya serikali ya mtaa. Unataka kufungua akaunti benki, au kumdhamini ndugu, unaambiwa lete barua ya utambulisho. Unakwenda kwa mtendaji, anakujua, unakaa nyumba fulani karibu na msikiti, anaandika barua na kupiga muhuri. Benki haikujui wewe, lakini muhuri inaujua. Basi ndivyo inavyokwenda. Ninapogonga mlango wa chuo cha pili hakiniulizi neno la siri. Kinaniuliza: unatoka wapi? Nachagua jina la chuo changu kwenye orodha ndefu. Kinanirudisha nyumbani, kwenye ukurasa wa chuo changu mwenyewe, na hapo tu ndipo naandika neno langu la siri. Chuo changu kikiridhika kinaandika barua fupi ya kielektroniki: huyu ni wetu, ni mwanafunzi. Kinapiga muhuri. Barua hiyo ina uhai wa dakika chache tu, ikichelewa haipokelewi. Chuo cha pili kinaukagua muhuri, kinafungua.

Zuri la mpango huu ni kwamba chuo cha pili hakijaliona neno langu la siri hata kidogo. Na kwa wachapishaji wengi hata jina langu halipelekwi. Wanaambiwa tu kwamba aliyekuja ni mmoja wa watu wa chuo fulani, basi inatosha. Nani amesoma makala gani saa nane za usiku, mchapishaji si lazima ajue.

Lugha ya barua hizo inaitwa SAML, na toleo lake la pili lilipitishwa 2005. Programu inayotumiwa na vyuo vingi kuziandika na kuzisoma inaitwa Shibboleth, iliyotolewa mara ya kwanza 2003 na mradi wa Internet2 wa Marekani. Jina hilo lilinishtua nilipoliona. Wasomaji wa Biblia nendeni Waamuzi sura ya 12. Wagileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani, kila mtu anayetaka kupita wakimwambia atamke neno Shibolethi. Mwefraimu hakuweza, ulimi wake ulitoa Sibolethi, na papo hapo aliuawa. Walikufa elfu arobaini na mbili. Sasa mimi ninayeulizwa kila wiki na wagonjwa "lafudhi hiyo ni ya wapi, mpenzi?" nilicheka peke yangu chumba cha chai. Waliochagua jina hilo walijua wanachofanya: lango linalomtenga wa kwetu na asiye wa kwetu. Tukumbuke hilo, nitalirudia.

Huku Uingereza mambo hayakuanzia hapo. Tangu 1996 kulikuwa na mfumo ulioitwa Athens, ukiendeshwa kutoka mji wa Bath. Hapo mwanzo ulikuwa wa akaunti za pembeni: mwanafunzi anapewa jina na neno la siri la Athens, tofauti na la chuo chake, kwa ajili ya majarida. Novemba 2006 likazinduliwa shirikisho la vyuo na taasisi za elimu, ambapo kila chuo kinawatambulisha watu wake chenyewe, na 2008 JISC, chombo kilichokuwa kinalipia Athens kwa niaba ya vyuo, kikaacha kuulipia. Athens haukufa, ulibadilika ukawa OpenAthens, na sisi watumishi wa NHS hapa England tunautumia kusomea majarida. Kwa wanaofikiria kuja huku: mkianza kazi, wiki ya kwanza nendeni kwa mkutubi wa hospitali mkaombe akaunti hiyo. Usajili wetu wa uuguzi unathibitishwa upya kila miaka mitatu, na tangu 2016 mojawapo ya masharti ni saa 35 za kujiendeleza. Zinapatikana kwa kusoma, na kusoma kunataka ufunguo.

Basi ufunguo mmoja ni kitu kizuri, sibishi. Mwenye maneno ya siri saba huyaandika nyuma ya kitambulisho cha kazini. Nimewaona, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini nimekaa nao huu ufunguo miaka miwili sasa na nimejifunza mambo matatu ambayo hakuna aliyenieleza siku ya kujiandikisha.

La kwanza: kutambuliwa si kuruhusiwa. Muhula wangu wa kwanza niligonga chuo cha pili, nikaandika neno la siri nyumbani, nikarudishwa, mlango ukafunguka na salamu ikatokea kwenye skrini. Ndani hamna kitu. Hakuna somo hata moja, ukurasa mweupe kama shuka la hospitali. Wenzangu walikuwa wameshamaliza wiki ya kwanza ya majadiliano. Nikaandikia chuo cha pili, wakasema tatizo liko kwenu. Nikaandikia chuo changu, wakasema sisi tumekutambulisha vizuri, tatizo liko kwao. Siku kumi na moja nilikuwa mpira wa danadana.

Mwisho alipatikana kijana mmoja wa kompyuta mwenye subira. Akagundua kwamba chuo changu kilikuwa kinanitambulisha kwa jina la mume, kama lilivyo kwenye pasi yangu mpya. Orodha ya darasa ya chuo cha pili ilitengenezwa kutokana na cheti changu cha shahada, chenye jina la baba. Kwa kompyuta hawa ni watu wawili. Mmoja anatambulika ila hana darasa, mwingine ana darasa ila hajawahi kubisha hodi. Sisi watu wa majina matatu, jina langu, la baba, la babu, halafu la mume likaja juu yake, hili litatukuta sana. Ushauri wangu: kabla kozi haijaanza, waulizeni ofisi zote mbili wamewaandika vipi, herufi kwa herufi.

La pili: kuingia ni mara moja, kutoka si mara moja. Hili linatuhusu sana sisi wa wodini, maana kompyuta ni ya watu wote. Usiku mmoja wagonjwa wametulia, nikafungua mfumo wa masomo kuangalia maksi. Kengele ya kitanda namba nne ikalia, nikabofya "toka", nikakimbia. Niliporudi mwenzangu alikuwa ameketi pale, akaniambia kwa upole, "Dada, barua pepe zako ziko wazi." Nilikuwa nimetoka kwenye mfumo mmoja tu. Nyumbani, yaani kwenye chuo changu, bado nilihesabika nimo ndani, na kila mlango ulikuwa tayari kufunguka kwa yeyote aliyeketi kwenye kile kiti. Tangu siku hiyo nafunga kivinjari chote kabisa kabla sijainuka. Fanyeni hivyo na nyie. Kubofya "toka" peke yake hakutoshi.

Na hapa ndipo lilipo jibu langu kwa shoga yangu. Yule binamu alitupa neno lake la siri tukaliona kama kuazimishwa kitabu. Hatukuwa na haja ya kugusa kingine. Lakini neno la siri nililo nalo mimi leo lina barua pepe zangu, maksi zangu, kazi ninazokabidhi, fomu zangu za ada zenye anuani ya nyumbani, na mafaili ya utafiti wangu ambamo kuna maneno ya wagonjwa walioniamini. Nikimpa mtu makala sita nimempa na hayo yote. Simshuku yeye. Namshuku yule atakayeketi baada yake kwenye kompyuta ileile. Darasa letu zima lilipataje neno la siri la binamu? Alipewa mtu mmoja tu.

Tena siku hizi ukishaandika neno la siri unatumiwa namba kwenye simu uthibitishe. Shoga angelazimika kunipigia kila anapoingia. Nilipokuwa likizo Tanga mwaka jana nimeweka laini ya nyumbani, namba zilikuwa zinakwenda kwenye laini ya Uingereza niliyoiacha kabatini. Hata mimi mwenyewe nilifungiwa nje ya nyumba yangu wiki tatu.

La tatu, na hili ndilo linaloniuma: ufunguo si wako, ni wa uanachama wako. Mwaka wa pili nilichelewa kulipa sehemu ya ada kwa sababu ya msiba nyumbani. Niliposafiri kuzika, uandikishaji wangu ukasimamishwa kwenye mfumo wa chuo. Sikufukuzwa, nilisubirishwa tu. Lakini kompyuta haijui kusubirisha. Chuo changu kiliacha kuniandikia barua ya utambulisho, na papo hapo milango yote ikafungwa, ya chuo cha pili, ya majarida, mpaka makala nilizokuwa nimeziwekea alama kwa ajili ya tasnifu. Zamani, wakati kila mlango una ufunguo wake, ukinyang'anywa mmoja unabaki na mitano. Sasa ukinyang'anywa mmoja umenyang'anywa yote. Nilirudi kutoka msibani nikakuta niko nje, na mtu wa kumwandikia hana njia ya kunitambua kwa sababu barua pepe ya chuo nayo ilifungwa.

Nililipa, nikarudishwa. Lakini zile wiki nilizokaa nje nilimfikiria sana shoga yangu, maana mimi nilionja kwa wiki kadhaa kitu ambacho yeye anaishi nacho miaka yote. Sikupungukiwa akili wala shahada. Nilipungukiwa na mtu wa kupiga muhuri.

Ndiyo hoja yangu ya leo, wadau. Mfumo huu haumuulizi mtu unajua nini, una shida gani, unahudumia wagonjwa wangapi. Unauliza swali moja: unatoka nyumba gani? Mwenye nyumba inayotambulika anapita Yordani. Asiye na nyumba hata akitamka Shibolethi vizuri kuliko Wagileadi wenyewe hapiti. Nesi wa wodi ya wazazi, wilayani, ambaye usiku mmoja anashika wanawake wawili wenye presha ya mimba bila daktari karibu, huyo ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote na makala ya kifafa cha mimba. Na huyo ndiye mfumo unayemuuliza unatoka wapi, halafu kwenye orodha ndefu ya majina anatafuta la kwake, halipo.

Dawa yake ni nini? Si kugawiana paswedi. Tulijaribu 2011, tukamponza mtu aliyetusaidia. Dawa ni kuwajengea watu nyumba zenye muhuri. Na hili si ndoto, limeanza. Duniani kuna eduGAIN, iliyoanza 2011, inayounganisha mashirikisho ya nchi mbalimbali ili barua ya chuo cha nchi moja isomeke nchi nyingine. Waganda, kupitia mtandao wao wa vyuo unaoitwa RENU, wamo. Afrika Kusini wamo. Kuna pia ndugu yake wa upande wa intaneti isiyo na waya, eduroam, uliobuniwa Uholanzi: mwanafunzi wa chuo kimoja akifika chuo kingine simu yake inaingia hewani kwa utambulisho wa nyumbani kwake. Kenya na Uganda unafanya kazi. Niliuona kwa macho yangu kwenye simu ya dada mmoja wa Kampala aliyekuja huku kozi fupi. Aliwasha simu getini, ikaingia, wakati sisi wenyeji tunahangaika. Nilimwonea wivu wa maendeleo.

Tanzania tunao TERNET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti. Ombi langu kwa wanaohusika ni kwamba wakihesabu nyumba wasiishie kwenye vyuo vikubwa. Hospitali ya wilaya inayopokea wanafunzi wa uuguzi na ukunga kwa mazoezi ni sehemu ya kufundishia pia. Nesi anayemfundisha mwanafunzi kushika mshipa saa tisa usiku ni mwalimu, hata kama hana ofisi chuoni. Chuo kinachompeleka mwanafunzi pale kinaweza kumpa yule nesi uanachama wa kusoma, apate muhuri kupitia chuo hicho.

Ombi la pili ni kwa vyuo vya huku na kwetu vinavyoendesha kozi kwa pamoja. Mkataba ukitiwa saini, kabla hamjapiga picha, kaeni mkubaliane mwanafunzi atatambulika kwa kitu gani. Isiwe jina wala barua pepe, vitu vinavyobadilika mtu akiolewa au akiachika. Iwe namba moja isiyobadilika. Na mwandike wazi ni ofisi ipi inabeba lawama mwanafunzi akifika akakuta ukurasa mweupe.

Ombi la tatu: aliyesimamishwa kwa ada, kwa uzazi au kwa msiba asifungiwe kila kitu kwa mkupuo. Mpeni miezi ya neema ya kusoma. Na mhitimu apewe njia ya kuendelea na sehemu ya majarida. Baadhi ya vyuo wanawapa wahitimu huduma ya aina hiyo, kwa nini isiwe kawaida kwa fani za afya? Mgonjwa haulizi kama nesi wake bado ni mwanafunzi wa chuo fulani.

Najua mtu ataniambia: nesi, wachapishaji wanalipwa kwa idadi ya watu, huwezi kuwafungulia mlango watu wote wa wilaya. Naelewa. Lakini kwa nchi zetu mlango huo ulishafunguliwa kwa njia nyingine. Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, ulianza 2002, na taasisi za Tanzania hazilipi. Si vyuo tu, hata shule za uuguzi na hospitali zinaweza kuomba. Kinachotakiwa ni taasisi kujiandikisha. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi mtindo wake ulikuwa jina moja na neno la siri moja kwa taasisi nzima, analishika mkutubi. Hospitali isiyo na mkutubi nani alishike? Sisi huku mtu mmoja ana ufunguo mmoja wa milango mingi. Kule watu mia wana ufunguo mmoja wa mlango mmoja, umebandikwa ukutani, na siku mmoja wao akiutumia vibaya wanafungiwa wote. Ndiyo maana nasema mambo ya muhuri na shirikisho si ya wakubwa wa kompyuta peke yao. Ni ya nesi pia.

Sasa mtauliza, na shoga je? Sikumwachia "siwezi" ikaishia hapo. Nilikaa naye kwenye simu, tukatafuta zile makala sita moja moja. Mbili tulizikuta bure PubMed Central, ambayo iko wazi kwa kila mtu tangu 2000, yeye alikuwa anaingilia mlango wa mchapishaji unaodai dola. Mbili aliwaandikia waandishi wenyewe, na wote wawili wakamtumia kabla ya wiki kwisha, mmoja na salamu juu. Mbili zikabaki. Nikamwambia amwone metroni wa hospitali yao wajaze maombi ya Hinari. Metroni akasema hajawahi kuisikia, lakini akajaza. Walisubiri, wakakubaliwa. Zile mbili amezipata kwa jina la hospitali yake mwenyewe, si kwa jina langu.

Aliniandikia siku hiyo: "Nimeingia. Hapa hospitali tumekuwa wa kwanza." Hakusema asante na mimi sikudai. Tunasalimiana, lakini ule uchangamfu wa zamani bado haujarudi, nawaambia ukweli. Nimemwelewa. Ukinyimwa na mtu mliyekula sahani moja, sababu nzuri haitoshi kuondoa uchungu.

Na yule binamu wa 2011 nimemtafuta nikampata, anaishi miji ya kusini huku. Nilimwandikia pole, miaka mingi imepita. Akajibu kwamba alikatwa maktaba muhula mzima na akaandika tasnifu yake kwa kuazima vitabu vya wenzake. Hatukujua. Akauliza, "Mlifaulu lakini?" Nikamwambia tulifaulu sote. Akasema basi.

Wadau, hasa mlio kwenye afya na ualimu, huko mliko Muscat, Minnesota, Nairobi au Mbeya, hali ikoje? Nyumba yenu inapiga muhuri? Na nyie mlio nyumbani, hospitali yenu imejiandikisha Hinari au ndiyo mnasikia leo? Kesho nina zamu ya mchana, kwa hiyo mkiona kimya msidhani nimefukiwa na theluji.

Naomba kuwasilisha.

Nesi wenu, ughaibuni